Uvimbe mkubwa kwenye ini: tusiuze kiwanja kabla ya kujua jina la ugonjwa

Karatasi ilikuwa na mistari mitano tu, imeandikwa kwa Kifaransa, na mwishoni kulikuwa na neno moja lililotutia baridi sote: « tumeur ». Baada ya neno hilo kulikuwa na alama ya kuuliza. Hakuna mtu katika familia yetu aliyeiona alama ile.

Ilikuwa hapa Lubumbashi, komini ya Kenya. Mama Mkubwa, dada wa mama yangu, anauza unga na samaki wakavu sokoni. Kwa miezi kadhaa alikuwa analalamika kwamba akila kidogo tu tumbo linajaa, na kwamba upande wa kuume, chini ya mbavu, kuna kitu kinamlemea. Kwenye kituo cha afya walimpitisha ekografi, wakaona uvimbe wa sentimita 11 kwenye ini. Jioni ileile familia ilikutana. Mjomba mmoja akasema hiyo ni kansa, haina dawa, tumrudishe kijijini akafie kwao. Mwingine akasema ni mkono wa mtu, tutafute mfumu. Shemeji akaleta mchungaji. Wiki mbili baadaye kiwanja chake cha Katuba kikauzwa kwa bei ya haraka, ili avushwe Kasumbalesa akapasuliwe ng'ambo.

Hakupasuliwa. Siku chache kabla ya safari, daktari mmoja wa hapa mjini aliomba kwanza apigwe skana yenye dawa ya kontrasti. Jibu likatoka: hemanjioma, yaani uvimbe wa mishipa ya damu, si kansa. Ile hali ya kushiba upesi, daktari aliikuta inatokana zaidi na vidonda vya tumbo, akamtibu. Kisha akamwambia: "Mama, rudi sokoni kwako. Tutaangalia tena baada ya miezi sita." Mpaka leo Mama Mkubwa anauza unga wake. Uvimbe bado uko palepale. Ni kiwanja ndicho hakipo tena.

Ninaandika maoni haya kwa sababu ya kiwanja kile. Kwa mtazamo wangu, ukosefu wa kisu cha kupasulia ini si tatizo letu la kwanza. Tatizo letu la kwanza ni hatua tunayoiruka kati ya picha ya kwanza na hukumu. Leo mashine ya ekografi imefika karibu kila kona ya miji yetu, na hilo ni jambo jema. Lakini kinachotakiwa kufuata baada ya ekografi hakikufika pamoja nayo. Tunaona uvimbe mapema, halafu tunabaki na woga mapema.

Tuseme ukweli: woga huo haukutoka hewani. Kansa ya ini ni miongoni mwa kansa zinazowaua watu wengi katika sehemu yetu ya Afrika. Virusi vya homa ya ini aina ya B, ambayo wengi tunaiita hepatiti B, vinachangia sana. Vilevile kuna sumu ya aflatoksini, inayotokana na ukungu kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya, na sisi ni watu wa bukari. Wagonjwa wengi wanafika hospitali wakiwa wamechelewa. Kwa hiyo muuguzi au daktari anayeona kitu kikubwa kwenye ini na kuwaza kansa si mjinga. Kosa linaanza pale wazo lake linapogeuka hukumu bila kupimwa, au pale anaposhindwa kuiambia familia kwa Kiswahili: "Bado sijui ni nini."

Kwa sababu uvimbe wa ini si ugonjwa mmoja. Kuna aina tatu kubwa zisizo kansa ambazo msomaji anapaswa kuzijua kwa majina.

Ya kwanza ni hemanjioma, na ndiyo inayoonekana zaidi kuliko zote. Ni fundo la mishipa ya damu iliyojikusanya mahali pamoja. Inawapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na mara nyingi inagunduliwa kwa bahati, mtu akiwa amekwenda kupimwa kitu kingine. Haigeuki kuwa kansa. Inaweza kufika sentimita 10 au hata zaidi, na bado mwenye nayo akazeeka akafa kwa jambo jingine kabisa.

Ya pili inaitwa hiperplazia nodula. Hapa seli za kawaida za ini zimeota kwa wingi kuzunguka mshipa ulio na kasoro, na mara nyingi katikati kunaonekana kitu kama kovu. Hii nayo kwa kawaida haihitaji dawa wala kisu.

Ya tatu ni adenoma, na hapa lazima tuache kupumua kwa raha. Adenoma si kansa, lakini inaweza kupasuka na kumwaga damu ndani ya tumbo, na baadhi yake zinaweza kugeuka kansa. Inaonekana zaidi kwa wanawake waliotumia kwa muda mrefu vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni, kwa watu wenye unene uliopita kiasi, na kwa wanaume wanaotumia homoni za kujaza misuli. Mwongozo uliotolewa mwaka 2016 na chama cha Ulaya cha wataalamu wa ini uko wazi. Mwanamke mwenye adenoma aache vidonge hivyo, apunguze uzito, kisha apimwe tena baada ya miezi 6. Ikiwa uvimbe umebaki na sentimita 5 au zaidi, au unaendelea kukua, uondolewe. Kwa mwanaume, uondolewe hata ukiwa mdogo.

Sitaki dada zetu wasome hapa na kutupa vidonge vyao kwa hofu. Adenoma ni ugonjwa wa nadra, na kuna njia nyingine za uzazi wa mpango zisizo na estrojeni. Ninachosema ni kwamba mwanamke mwenye uvimbe kwenye ini anapaswa kuulizwa swali la vidonge tangu siku ya kwanza, na akibeba mimba afuatiliwe kwa karibu, kwa maana adenoma inaweza kukua wakati wa ujauzito. Ni mara ngapi swali hilo linaulizwa kwenye vituo vyetu? Mama Mkubwa hakuulizwa.

Angalieni basi jambo ambalo linapingana na hesabu zetu za nyumbani. Sisi tunapima hatari kwa ukubwa. Tukisikia sentimita 11 tunalia, tukisikia sentimita 3 tunashukuru Mungu. Lakini hemanjioma ya sentimita 11 inaweza kuachwa ilale, wakati adenoma ya sentimita 6 inaweza kumuua mama usiku mmoja, na kansa ya sentimita 3 ndiyo hasa inayopaswa kukimbiliwa kwa sababu bado inaweza kutibiwa. Ukubwa wa uvimbe unatisha macho, lakini jina lake ndilo linaloamua. Familia inayouza mali kwa sababu ya sentimita inalipia kitu isichokijua.

Jina hilo linapatikana vipi? Hapa hakuna uchawi. Kuna hatua, na zina mpangilio wake.

Kwanza daktari anamhoji mgonjwa na kumgusa tumbo. Je, ana homa? Jipu la ini linaloletwa na amiba linaweza kuonekana kama uvimbe kwenye ekografi, na tiba yake ni dawa kama metronidazoli, si upasuaji wa kukata ini. Je, amekonda? Ana macho ya manjano? Anakunywa pombe? Anameza vidonge gani?

Kisha damu. Kipimo cha hepatiti B na C kinasema kama ini lenyewe liko hatarini. Kipimo cha alfa-fetoproteini kikiwa juu sana kinaelekeza kwenye kansa, ingawa kikiwa cha kawaida hakitoshi kuifuta. Vipimo hivi havihitaji ndege wala pasipoti.

Halafu inakuja hatua tunayoiruka: skana au IRM yenye dawa ya kontrasti. Dawa hiyo inachomwa kwenye mshipa wa mkono, na mashine inapiga picha mara kadhaa: kama nusu dakika baadaye, kisha baada ya dakika moja na kidogo, kisha tena baada ya dakika kadhaa. Siri yote iko katika kufuatilia dawa inavyoingia na kutoka. Kwenye hemanjioma inaanzia pembeni na kusogea polepole kuelekea katikati, kama maji ya mvua yanavyojaza shimo kuanzia kingo zake. Kwenye hiperplazia nodula uvimbe wote unang'aa haraka, isipokuwa kovu la katikati. Kansa ya ini mara nyingi inang'aa haraka halafu inafifia kabla ya ini lililobaki. Adenoma ni ngumu zaidi kuitambua, na hapo IRM inasaidia kuliko skana. Skana iliyopigwa mara moja tu bila kontrasti inaonyesha kwamba kuna kitu, jambo ambalo ekografi ilikuwa imekwisha kulisema. Mgonjwa amelipa mara mbili kwa habari moja.

Vipi kuhusu sindano ya kuchukua kipande cha uvimbe? Ina kazi yake, picha zikishindwa kutoa jibu. Lakini haipaswi kuwa ya kwanza. Hemanjioma imejaa damu, na kuichoma ovyo kunaweza kuleta mvujo mbaya. Na kama kile kinachoonekana ni mfuko wa maji ulioletwa na mnyoo wa mbwa, kuutoboa bila maandalizi kunaweza kumwaga mbegu za mnyoo tumboni na kumletea mgonjwa mshtuko wa mzio. Mtu akikuambia "tuchome kwanza tuone," una haki ya kumwomba picha kwanza.

Na kwa upande wa mfumu, sitawahubiria wasomaji. Nitasema mambo mawili tu. Chale zinazochanjwa kwa wembe mmoja kwa watu wengi zinaweza kupitisha hepatiti B, yaani mtu aliyekwenda na uvimbe usio na madhara anaweza kurudi na virusi vinavyoleta kansa. Na baadhi ya mizizi inayochemshwa na kunyweshwa wagonjwa inaliumiza ini lilelile tunalotaka kuliponya. Mchungaji naye aombe, ni kazi yake. Lakini asimwambie mtu asiende kupigwa picha.

Sasa, kuna wagonjwa ambao kweli wanahitaji kisu. Ni wale wenye adenoma kubwa, wale ambao uvimbe wao unavuja damu au unakua mbio, wale ambao unawabana tumbo kiasi cha kushindwa kula, na wale ambao madaktari wamefanya kila kitu na bado kansa haijafutika. Hemanjioma kubwa sana mara chache inaweza pia kula chembe za kugandisha damu, jambo linalohitaji tiba ya haraka. Upasuaji wa ini unatisha kwa sababu ini limejaa damu, lakini si jambo la jana. Tangu mwaka 1908 daktari James Hogarth Pringle wa Glasgow alionyesha kwamba unaweza kubana kwa muda mishipa inayoingia kwenye ini ili kupunguza kuvuja damu. Katika miaka ya 1950 Mfaransa Claude Couinaud aligawa ini katika sehemu 8, kila moja na mishipa yake, na tangu hapo mpasuaji anaweza kuondoa sehemu moja bila kuharibu jirani yake. Hemanjioma nyingine hung'olewa peke yake, kama unavyotoa kokwa la avoka. Na ini zima lina neema yake: hata ukiondoa zaidi ya nusu, linaota tena. Mahali penye vifaa, madaktari wanaweza pia kupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja na kuziba mshipa unaoulisha uvimbe.

Lakini kazi hizo zinadai mpasuaji aliyezoea, daktari wa usingizi, akiba ya damu na chumba cha uangalizi maalumu. Haziwezi kuwa kila mahali. Ndiyo maana ninasema: kama tunajua kutofautisha vizuri, wachache wanaohitaji upasuaji watapata nafasi, na wengi wasiouhitaji hawatalala mezani bure.

Najua nitajibiwa: nchi hii ina malaria, kipindupindu, mpox, vita mashariki, watoto wenye utapiamlo, nani ana muda wa uvimbe usioua? Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba hatuombi skana ya ugonjwa mmoja. Skana ileile inayomwambia Mama Mkubwa arudi sokoni ndiyo inayomwambia jirani yake kwamba kansa yake bado ni ndogo, inayoonyesha jipu la amiba, inayomtazama kijana aliyeanguka na pikipiki. Na tuhesabu vizuri. Familia inapouza kiwanja, inapomtoa mtoto shuleni, inapokopa kwa riba ili kwenda Ndola, Lusaka au India kwa ugonjwa usiohitaji tiba, hasara hiyo haiingii kwenye vitabu vya wizara. Lakini ni umaskini, na hapa umeletwa na neno moja lililosomwa vibaya.

Kwa hiyo nina mambo manne ya kuwaomba wakubwa, na hakuna hata moja linalohitaji muujiza.

La kwanza: kila karatasi ya ekografi inayotaja uvimbe iseme pia hatua inayofuata, na mgonjwa aelezwe kwa lugha anayoielewa. Mistari miwili ya Kiswahili ingeokoa kiwanja cha Katuba.

La pili: viongozi wa afya wa jimbo watangaze wazi ni hospitali zipi zina skana inayofanya kazi, zina dawa ya kontrasti na zina mtu wa kusoma picha. Leo mgonjwa anazunguka mji mzima kuuliza, na mashine moja imekufa, nyingine haina dawa. Pale asipokuwepo msomaji wa picha, zitumwe kwa intaneti kwa wataalamu wa hospitali za vyuo vikuu. Simu zetu zinatuma video za harusi kila Jumamosi. Picha za ini haziwezi kushindikana.

La tatu: madaktari wa upasuaji, wa magonjwa ya ndani na wa picha wakae meza moja kabla ya kumpasua mtu ini. Uamuzi wa mtu mmoja, tena anayelipwa kwa operesheni, si salama kwa mgonjwa wala kwa daktari mwenyewe.

La nne: mpango wa afya kwa wote, ulioanza Kinshasa mwezi Septemba 2023 kwa akina mama kujifungua bure, upanuke pole pole hadi kwenye vipimo. Tunazoea kuchangia mtu anapokuwa mahututi. Tungechangia anapotafuta jina la ugonjwa wake, pesa zingetosha watu wengi zaidi. Na chanjo ya hepatiti B kwa watoto isikosekane, kwa sababu njia nafuu kuliko zote ya kupambana na kansa ya ini ni kuizuia isizaliwe.

Sisi familia nasi tuna sehemu yetu. Mtu wenu akirudi na karatasi kama ile, msiitishe kikao cha msiba. Rudini kwa daktari na maswali haya: Ni uvimbe wa maji au wa nyama? Damu imepimwa hepatiti na alfa-fetoproteini? Picha yenye kontrasti imepigwa, na nani ameisoma? Tukisubiri miezi michache, hatari ni ipi? Na mtunze picha zote nyumbani, hata za zamani, kwa sababu uvimbe ambao haujabadilika kwa muda mrefu tayari umesema jambo kubwa juu yake wenyewe. Lakini maumivu makali ya ghafla tumboni, kizunguzungu na jasho baridi kwa mtu mwenye uvimbe wa ini havingoji maswali: ni hospitali saa hiyohiyo.

Wiki iliyopita nilipita sokoni kumsalimia Mama Mkubwa. Nilikuwa na ile karatasi ya kwanza mfukoni, nikamwonyesha alama ya kuuliza kwa kidole. Aliitazama muda mrefu, kisha akasema: "Mwanangu, kumbe nao walikuwa wanauliza. Ni sisi tuliojibu."